Mpwa Wangu, Uliza Nati Kwanza

Juzi ulipofika hapa Mikindani umelikumbatia lile boksi jekundu kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto wa kwanza, sikutaka kukuaibisha mbele ya mama yako. Vipande zaidi ya 40, soketi zinameta, kila kimoja kimelala kwenye kitanda chake cha plastiki. Ukasema, "Mjomba, mimi na fundi sasa basi." Nikakukaribisha chai. Ulipoinama kutia sukari nilichukua soketi yako ya namba 10, nikaivisha kwenye nati ya mkono wa klachi wa pikipiki yako, nikaitikisa kwa vidole viwili. Ikacheza kama jino la mzee. Nikairudisha mahali pake, nikanywa chai yangu.

Kunyamaza kule hakukuwa kukubali. Kwetu Wamakonde mtoto hufundwa na mjomba wake, na mambo yakiharibika mjomba ndiye wa kwanza kuulizwa alikuwa wapi. Basi nakuandikia. Usome kijiweni, wenzako nao wasikie, maana nimeona kila msimu wa korosho pesa zikishatoka mnadani mnanunua boksi la namna hiyo hiyo, na kabla mikorosho haijatoa maua mapya nusu ya vipande vimeshageuka vichezeo vya watoto.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Nimekuwa bwana shamba miaka mingi huku, Ziwani mpaka Kitaya, na neno hilo nimelitumia sana kuwasuta wavivu wanaosubiri vifaa vya Serikali ndipo walime. Kwa jembe nalikubali mpaka leo. Udongo haujali jembe lako lina upana gani, utalimika tu, jasho ndilo litakalopungua au kuongezeka. Lakini nati ina kona 6, na kona hizo zikishalika hazioti tena. Hapo methali ile iache shambani ilikozaliwa.

Mimi hili sikulisoma chuoni. Mwaka 1986 nilikabidhiwa pikipiki ya kazi, Honda 110 nyekundu, niwe nawazungukia wakulima kipindi kile ubwiriunga ulipokuwa ukikausha maua ya mikorosho. Chini ya siti palikuwa na kimfuko cha vifaa. Kitupu. Waliotangulia walishagawana urithi. Sikuhangaika, kwa sababu nilikuwa na urithi wangu: mjomba wangu mimi alifanya kazi kwenye reli ya Mtwara na Nachingwea, ile iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga baada ya Vita vya Pili, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa karanga hazikuota kama walivyopiga hesabu. Reli ilipoondoka, kwa mjomba ulibaki mfuko wa turubai wenye spana nyeusi, nzito, za chuma ambacho sijaona tena mfano wake. Ukiziangusha sakafuni zililia kama kengele.

Siku ya kumwaga oili nilichagua moja iliyogongwa muhuri 3/8 W. Ikaingia kwenye bolti ya chini ya injini, ikiwa na uwazi kidogo. Nikajiambia, chuma cha Mwingereza hiki, kitashika. Nikavuta. Ikateleza, vidole vikagonga injini, kona mbili za bolti zikaenda. Nikatia bomba kwenye mpini ili nipate nguvu zaidi. Kona nyingine zikaenda. Nikamalizia kwa tindo na nyundo. Ilipotoka nilishangilia, na wakati wa kuirudisha, kwa hasira ya mtu aliyeumia vidole, nikaikaza kwa bomba lile lile mpaka nikasikia kitu kinalegea ndani. Zilikuwa nyuzi za injini yenyewe, za aluminiamu. Kesho yake kwenye njia ya Kilambo bolti ikadondoka, oili yote ikanywewa na mchanga, na mimi sikujua mpaka injini iliponoki. Nilisukuma kilomita 11. Watoto wa kila kijiji walinisindikiza.

Fundi mmoja mzee pale Chikongola ndiye aliyenieleza, baada ya kucheka vya kutosha. Ile W ni Whitworth, jina la Mwingereza Joseph Whitworth aliyependekeza vipimo vyake vya nyuzi za bolti mwaka 1841. Kwenye spana za namna ile, namba iliyoandikwa ni unene wa bolti yenyewe kwa inchi. Haikuambii upana wa mdomo. Mdomo wa 3/8 W ni milimita 18 na chembe. Bolti yangu ya Kijapani ilikuwa 17. Milimita 1 ndiyo iliyonitembeza kilomita 11.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kununua kitu cha bei rahisi, mpwa wangu. Mimi nilikuwa na chuma bora kuliko kilichomo kwenye duka lolote la Mtwara leo, na nikaharibu injini. Kosa letu ni moja: tulikwenda kwenye chombo kabla ya kwenda kwenye nati.

Fanya hivi. Jioni moja usipokuwa na abiria, kaa na pikipiki yako kama unayeketi na mgonjwa, na daftari mkononi. Azima spana nzuri kwa mtu, pita bolti moja moja, uandike: tanki namba fulani, gurudumu la nyuma namba fulani, kifuniko cha tapeti, bolti ya oili, betri. Utaona namba zinajirudia. Pikipiki zenye ukoo wa Kijapani, na za Kichina karibu zote zimetoka ukoo huo, hupenda 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Namba 13 huonekana zaidi kwenye vitu vya Kizungu na baadhi ya vya Kihindi. Usidanganywe na maandishi yaliyo juu ya kichwa cha bolti kama 8.8, huo ni ugumu wa chuma chake, hauhusiani na spana. Na ujue pia kwamba bolti inayoshikwa na spana ya 10 yenyewe ina unene wa milimita 6 tu. Ni kijiti. Jambo hilo nitalirudia.

Ukimaliza daftari utagundua kwamba kati ya vile vipande vyako 40 unavyovihitaji havizidi 8, na kwamba viwili au vitatu unavyovihitaji kuliko vyote havimo kabisa. Spana ya plagi, kwa mfano. Plagi ndogo yenye uzi wa milimita 10 hushikwa na spana ya 16. Yenye uzi wa 12, ambayo imejaa kwenye pikipiki nyingi za Kichina, hutaka 18. Ile nene ya uzi wa 14 hutaka 21. Boksi lako lina ipi? Nilitazama: ya 21, ya gari. Aliyelipanga boksi lile kiwandani hakuwa na habari zako.

Sasa ndipo uende dukani, na mfukoni uwe na bolti 3 mpya, ya 10, ya 12 na ya 17. Muuza duka akikupa spana, ivishe kwenye bolti hapo hapo. Iingie bila kulazimishwa, na ikishaingia isicheze. Itazame ndani ya ringi kama imechongwa safi au ina manundu. Atakuonyesha maandishi ya kromu na vanadi yaliyogongwa mpinini. Mwitikie kwa adabu, uendelee kupima, kwa sababu muhuri hugongwa hata kwenye chuma cha sufuria. Akikasirika kwamba unachagua sana, toka. Mtwara si kijiji siku hizi, na ukikosa kabisa kuna watu wa mabasi watakaokuletea mzigo kutoka Gerezani, Dar es Salaam, alfajiri mpaka jioni umefika.

Nunua zile zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi, flati, upande wa pili. Ringi huikumbatia nati pande zote. Flati huishika pande mbili tu. Basi kulegeza na kumalizia kukaza ni kazi ya ringi, na flati ni ya kuzungushia ikishakuwa nyepesi. Wengi wenu mnafanya kinyume kwa sababu flati ni haraka kuivisha, halafu mnalalamika kwamba nati za pikipiki za siku hizi ni laini.

Kuna spana ya kurekebisha mdomo, ile ambayo mafundi wameipa jina ambalo nisingelitaja mbele ya mama yako: spana malaya, kwa kuwa inakwenda na kila nati. Kila nyumba inayo. Kwangu hushikilia upande wa pili wa ekseli au hunyoosha kitu kilichopinda. Nati ya pikipiki siiweki humo, kwa sababu taya lake moja linatembea, na kinachotembea kikibanwa hurudi nyuma. Jina lake linatosha kukuonya.

Nimesema nitarudi kwenye kile kijiti cha milimita 6. Ninyi vijana mna msemo, mtu akisemwa vikali mnasema amepigwa spana, amekula spana. Nadhani ndiyo sababu mnazipiga kweli. Umewahi kujiuliza kwa nini spana ya namba 10 ni fupi, na ya 17 ni ndefu? Si kuokoa chuma. Bolti ya milimita 6 hutaka mkazo sawa na uzito wa kilo 1 ukining'inizwa kwenye ncha ya mpini wa mita 1. Kwa spana ya sentimita 13, mkono wako unatakiwa uvute kama kilo 7 au 8 tu, chini ya ndoo ndogo ya maji. Aliyeitengeneza spana ameweka urefu ule ili mkono wa kawaida ufike hapo na uishie hapo. Ukichomeka bomba umemnyang'anya yule mtu busara yake. Ukitaka kujua mkazo, shika spana karibu na katikati, kwa vidole na kiganja, bega likae pembeni. Bolti inayoingia kwenye aluminiamu ikishagota, robo ya mzunguko inatosha, au chini yake.

Bisibisi nazo. Hapa nataka ukae kitako, maana nimeona skrubu za kabureta yako zimegeuka mashimo. Skrubu ya nyota si moja. Ile bisibisi ya nyota iliyozagaa madukani ni ya mtindo wa Phillips, uliotoka Marekani miaka ya 1930, na umbo lake ukiizungusha kwa nguvu hujisukuma nje ya skrubu. Wajapani wana nyota yao, kuta zake zimesimama zaidi, na skrubu za namna hiyo mara nyingi zina kidoa kimoja kidogo pembeni mwa kichwa. Ukiingiza Phillips ndani ya nyota ya Kijapani, ncha inagota chini kabla kuta hazijashikana. Inazunguka, inapanda, inakula. Ukipata bisibisi ya Kijapani nunua hata kama bei inauma. Ukiikosa, chukua ya kawaida, isugue ncha yake kwenye jiwe la kunolea mpaka ipungue kidogo tu, uijaribu kwenye skrubu, usugue tena. Itakaa. Kisha uisukume kwa uzito wa mwili zaidi kuliko unavyoizungusha. Skrubu iliyogoma kabisa ina dawa yake, bisibisi ya kugonga: unaipiga nyundo kwa nyuma, nayo inasukuma na kuzungusha kwa pigo moja. Hiyo mchangie pale kijiweni, moja inatosha watu 10, mradi ajulikane nani anailaza.

Cheni ndiyo utakayoishughulikia mara nyingi kuliko kitu kingine, na vifaa vyake havina makuu: spana za ekseli ya nyuma, rula ya mtoto wa shule, mswaki uliochoka, kitambaa. Ibonyeze katikati kwa chini. Ikipanda na kushuka kama sentimita 2 hadi 3 iko salama, na kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo chake kamili. Zungusha gurudumu upime mahali pengi, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Ukivuta ekseli nyuma, hesabu alama za kushoto na kulia zilingane, la sivyo gurudumu litakwenda upogo kama ngalawa iliyokosa tengo moja. Na kile kibanio cha kuunganishia cheni chenye umbo la samaki: kichwa chake, upande usio na mwanya, kielekee mbele, kule cheni inakokwenda. Samaki huogelea kwa kichwa. Nimeona vijana watatu hapa Mikindani wamemfunga akiogelea kinyumenyume, na cheni ikifunguka katikati ya safari huwa inachagua kilima.

Grisi nene kwenye cheni sikubaliani nayo, ingawa mafundi wengi wa bara watakucheka. Wao hawaendi Msimbati. Mchanga wa kuanzia Madimba kuelekea baharini ukikutana na grisi unageuka msasa, na unasaga sproketi mchana na usiku. Tia oili nyepesi, zungusha, kisha ifute kama unayejutia uliyoitia. Kinachobaki ndani ya pini ndicho chenye kazi.

Vipo vingine nitavitaja mbio mbio. Pampu, viraka, gundi na vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, unavijua, umeshapata pancha za kutosha. Plaizi ya pua ndefu kwa ajili ya waya. Geji ya tapeti, zile karatasi za chuma zilizofungwa kama kitabu, kila moja na unene wake. Pikipiki ndogo nyingi zinataka uwazi wa kama milimita 0.05 hadi 0.10, na sikio halisikii 0.05, hata la fundi anayekuambia anaseti kwa sikio. Injini iwe ya baridi, asubuhi kabla hujaipiga kiki, na pistoni iwe juu wakati wa kubana. Mara ya kwanza ufanye mbele ya mtu anayejua.

Sasa chumvi. Vitabu vya pikipiki vimeandikwa kwa watu wa mahali pengine. Sisi tuna adui anayekuja na upepo. Wewe unapeleka wageni Msimbati, na najua mnapita kwenye mchanga mnyevu wa ufukweni kwa sababu ndipo pagumu, gurudumu halizami. Sizungumzii Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo ipo tangu mwaka 2000 na ina taratibu zake kuhusu ufukwe ule; nazungumzia bolti. Chumvi huvuta unyevu, na bolti ya chuma ikikaa ndani ya injini ya aluminiamu katika unyevu wa chumvi, vyuma hivyo viwili vinafanya kazi ya betri: kimoja kinamla mwenzake kimya kimya. Baada ya miezi unatia spana, unavuta, bolti inakatika kichwa, na unadhani spana ni mbovu. Siku utakayopita maji ya bahari, osha usiku huo huo kwa maji baridi ya kisima, polepole, bila kupuliza maji kwenye beringi na waya, uiache ikauke. Na kila bolti unayoifungua, kabla ya kuirudisha, isugue nyuzi kwa mswaki uipake grisi kidogo, kiasi cha kucha. Za breki ndizo uziache kavu, grisi isikaribie pale breki inaposhika.

Vifaa vyenyewe navyo vinakufa kwa chumvi hiyo hiyo. Lile boksi lako la plastiki lina dhambi moja kubwa, linafunga unyevu ndani pamoja na spana. Mimi nina kisanduku cha mbao, na kila spana imefungwa kwenye kitambaa kilichopakwa oili, mafungu yameshikwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Spana ya 12 niliyonunua mwaka 1991 bado inasomeka namba.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi, usiniambie huna gereji. Una gunia la korosho. Litandaze chini ya mwembe, pikipiki juu yake, na chini ya stendi ya kati weka kipande cha ubao, vinginevyo stendi itazama mchangani ukiwa umelala chini yake. Kisha chukua vifuu vitatu vya nazi. Kimoja cha bolti za upande wa kushoto, kimoja za kulia, kimoja za katikati. Tangu nianze kutumia vifuu sijabakiwa na bolti isiyojulikana kwao. Nati ikianguka kwenye mchanga wa Mtwara haipatikani hata kwa chekeche. Ikianguka juu ya gunia inakusubiri.

Oili unayoitia isiwe ya gari hata kama jirani ana nusu galoni anakupa bure. Pikipiki yako klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zimetiwa dawa ya utelezi. Klachi itateleza kupanda Newala na utasema sahani zimeisha. Tafuta kwenye kopo maandishi ya JASO MA au MA2. Ile chafu iliyotoka itie kwenye dumu. Kuna watu wanapaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa, watakushukuru. Kisima cha mama yako kiko hatua 20 kutoka pale unapomwagia, na mvua ya masika inajua njia. Na petroli ya kuoshea kabureta isikae karibu na koroboi wala jiko. Hilo sihitaji kulieleza, umemwona jirani yetu mkono wake.

Umesema wewe na fundi basi. Hapana. Kupasua injini, kuchonga kiti cha vali, kutoa magneti, mpelekee mwenye vyombo vyake. Magneti hutolewa kwa pula inayofungwa kwenye nyuzi zake na kuivuta taratibu; ukiona mtu anaigonga kwa nyundo, hata kama ana miaka 30 kwenye kazi, funga pikipiki yako uondoke. Fundi mzuri utamjua kwa sanduku lake kabla ya maneno yake. Na ukimpelekea pikipiki ambayo bolti zake hazijaliwa, atakuheshimu, na bei itashuka. Fundi hutoza zaidi aliyemtangulia mharibifu. Ukitaka kwenda mbele zaidi, VETA wana chuo hapa Mtwara. Lakini kumbuka kwamba wewe hujaanza sifuri. Ile mashine ya kupulizia salfa uliyoibeba mgongoni tangu ukiwa darasa la saba, nani alikuwa akiisafisha plagi kila asubuhi ili iwake? Ulikuwa ukiitoa kwa spana iliyokuja nayo, inayoikaa sawasawa, na hukuwahi kuiharibu hata mara moja. Injini ni injini.

Pesa. Pikipiki yako ni ya mkataba, kila wiki unapeleka hesabu kwa mwenye nayo mpaka muda uishe iwe yako, na najua kinachobaki mfukoni ni kidogo. Kwa hiyo nunua kimoja kimoja. Wiki hii 10, wiki ijayo 12, baadaye spana ya plagi. Ukikosa, azima, lakini usinunue tena boksi zima kwa pesa ya haraka. Wewe mwenyewe umewasema mara ngapi wanaouza korosho kwa kangomba, wanaopima kwa kopo kabla hazijaiva kwa sababu shida iko leo? Basi boksi jekundu ni kangomba ya vyuma: umepokea vingi kwa mkupuo, ukapunjwa kwenye kipimo.

Usilitupe. Mpini wake wa kuzungushia ni mzuri, nimeujaribu, na zile soketi kubwa hazichezi sana, zitatumika. Hiyo ya 10 ndiyo usiitie tena kwenye pikipiki. Nimekufungia ringi yangu ya 10 kwenye kipande cha kanga, mama yako anayo. Nimeshanunua nyingine.

Ile ya mjomba wangu, 3/8 W, bado ipo. Miaka yote nilikuwa nikiigonga kwenye kizingiti isikilizwe inavyolia, basi. Mwaka jana pampu ya mkono ya kisima cha nyuma, ile iliyokuwapo kabla sijazaliwa, ilianza kuvuja kwenye shingo, na hakuna spana ya milimita iliyoikaa nati yake. 17 haiingii, 19 inacheza. Nikarudi ndani nikaitoa kwenye mfuko wa turubai. Iliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Jumamosi ukija na vifuu vyako, nitakuachia uikaze wewe, maana imeanza kuvuja tena.